Marehemu Bado Anaandika

Mapera, Mbinga
14 Agosti 2022

Mdogo wangu Vitalis,

Tumsifu Yesu Kristu. Kama barua hii imekukuta hai, pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Kama imekukuta umekufa, basi Sista Hedwiga aisome yeye na kuirudisha, tujue moja.

Sisi hatujambo. Kahawa imezaa, ila mvua ya mwisho ilikatika mapema na punje ni ndogo. Baba Mdogo Protasi anasumbuliwa na goti lile lile. Mwanangu Benno bado yuko nyumbani na cheti chake cha ualimu. Mama hajambo, anakula. Na wewe tumekuzika.

Nieleze vizuri. Mwezi wa sita Katekista Cuthbert alikuja hapa nyumbani amevaa shati lake la misiba, simu mkononi. Alitumiwa ujumbe na mtu wa Songea, ambaye naye alitumiwa na mtu wa Dar es Salaam. Ilikuwa picha yako, ile ya miwani, na chini yake maneno haya. Aliyasoma kwa sauti yake ya kanisani:

*Familia ya Mzee Tobias wa Mapera*
*inasikitika kutangaza kifo cha kijana wao,*
*kilichotokea ugenini, taratibu, kwa miaka kadhaa.*
*Habari ziwafikie ndugu zake wote, na mama yake*
*popote alipo jikoni.*
*Marehemu ameacha kalamu moja.*
*Mazishi yatafanyika atakaporudi.*

Nilimwuliza kama kuna zaidi. Akasema kuna picha za mikono ya kuomba, nyingi, na watu wameandika pumzika kwa amani, wengine kwa Kiingereza. Watu wote hao wameshakubali, sisi ni nani tubishe?

Basi tukalia. Nilikulilia, Vitalis, mpaka sauti ikakauka, nikawa nafundisha darasa la nne kwa kuandika ubaoni tu. Nakwambia ili ujue kwamba sikufanya mzaha.

Tukasubiri mwili, maana tangazo lilisema mazishi ni utakaporudi. Ndugu wa Kitai wakaja, na wa Ruanda ya hapa hapa Mbinga wakaja, wakakaa. Mahindi yakaanza kupungua. Mwishowe Baba Mdogo akasema maiti isiyofika haiwezi kuachiwa imalize ghala la walio hai. Tukazika koti lako la kahawia, lile ulilolisahau nyuma ya mlango, ndani ya jeneza zuri la mninga, kando ya Baba kule kwenye kahawa. Padre aligoma kubariki koti. Akabariki wafiwa.

Afisa Goodluck naye alifika, yule wa ofisini Mbinga ambaye tangu uondoke amekuwa akija kila mwezi kuuliza kama umepiga simu. Safari hii alikuja na mchele na sukari, akakaa mkekani na wanaume wenzake, akamwambia Mama, "Pole sana Mama. Alikuwa kijana mwenye akili. Tatizo alizitumia." Nadhani alisema kwa moyo mwema.

Tena alikuja mwanamke kutoka Mbamba Bay, anaitwa Siwema, na kapu zima la dagaa. Alilia kuliko mimi, akaondoka bila kula. Hatumjui. Wewe unamjua?

Sasa juzi Sista Hedwiga amekuja likizo, nikampokea kwa kilio, naye akanishangaa. Anasema alikuona kwenye Misa huko Münster wiki mbili baada ya maziko, unaimba nje ya sauti. Nikasema huyo ni yeye.

Nimemwambia Baba Mdogo peke yake. Jibu kwa mkono wa Sista, usipige simu. Simu ya nje ikiita hapa, kesho yake Goodluck anakuja kunywa chai.

Dada yako,
Gaudiosa


Münster
2 Oktoba 2022

Dada Gaudiosa,

Milele amina, na shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa mafua, na hapa kila mtu anayo. Majani yameanza kuanguka na watu wanayakusanya kwa mashine yenye kelele kuliko ya kukobolea mahindi. Nafanya kazi na wazee. Siku nyingine nitakueleza. Msalimie Benno, na goti la Baba Mdogo.

Poleni kwa msiba. Sijui kama ni mimi ninayepaswa kusema pole, lakini neno jingine sina.

Dada, lile ni shairi. Linaitwa "Tanzia". Nililitunga kwa mfano wa matangazo ya vifo ya redioni, yale tuliyoyasikiliza mchana tukila, Baba akitukataza kutafuna mpaka majina yaishe. Huyo kijana aliyekufa ni mtu wa kwenye shairi. "Taratibu, kwa miaka kadhaa": hivi umewahi kusikia tanzia inasema hivyo? Hata hapo hakuna aliyeshtuka?

Sina bahati na wasomaji. Unakumbuka shairi la gati. Nilikwenda mwambaoni mwa ziwa kama mwandishi wa gazeti, nikakuta gati lililokwishalipiwa ni kibao na nguzo mbili za kibao hicho. Nikaandika habari, mhariri akaiogopa. Nikaandika shairi, akalichapa kwa kuwa lilikuwa na vina. Bwana mkubwa wa serikali mwenye mradi akalipenda. Akalisoma mwenyewe siku ya uzinduzi akidhani namsifu kwa "gati ambalo halijawahi kulowa", watu wakacheka mpaka wakashikilia kamba za turubai. Alipokuja kuelezwa maana yake, mimi nilikuwa ndani ya boti nikielekea ng'ambo. Kwa hiyo palipokuwa na msiba walicheka, na penye shairi wamezika koti.

Niseme ukweli, tangu nife nimesomwa kuliko nilipokuwa hai. Tovuti ninayoandikia kila Ijumaa ilikuwa inatembelewa na mimi na mhariri. Sasa kuna mchapishaji anataka kitabu cha mashairi yangu yote. Nimemwambia niko hai, akasema haina neno.

Naomba hili: Cuthbert huyo huyo asimame Jumapili baada ya Misa, kwa sauti ile ile, atangaze kwamba niko hai. Na Mama alisema nini aliposomewa? Hujaniambia.

Yule mwanamke wa Mbamba Bay simkumbuki vizuri. Dagaa walikuwa wakavu au wabichi?

Mdogo wako aliye hai,
Vitalis


Mapera
20 Novemba 2022

Mdogo wangu Vitalis,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua yako imefika, nimeisoma mara nyingi jikoni kwa furaha, kisha nimeificha kwenye debe la maharage. Mvua imeanza, tunapanda mahindi kwenye ngolo, mashimo yetu ya mlimani, za mwaka jana, mgongo unaniuma. Benno anakusalimia, maana sasa naye anajua. Mama hajambo, anakula.

Umeuliza nani anakufa taratibu kwa miaka kadhaa. Njoo Mapera uone.

Kuhusu tangazo la Jumapili, Baba Mdogo aliita sengu, kikao cha ukoo, watu wachache tu wa ndani. Tulikula chungu kimoja kama kawaida, na baada ya kunawa ndipo akalileta jambo lako. Limezungumzwa bila ugomvi. Wameamua ubaki umekufa.

Usirushe barua chini, endelea kusoma. Tangu matanga yaishe, Goodluck hajakanyaga hapa. Mama anakaa barazani akichambua maharage bila kuinua kichwa kila pikipiki inapopita. Na Benno ameitwa kwenye usaili. Unajua mara zote zilizopita walikuwa wanamwuliza, una undugu gani na yule? Safari hii wamemwuliza hivyo hivyo, akajibu, ni marehemu mjomba, nao wakasimama kumpa pole. Kisha waliotoa mchele na kulala chini usiku tatu, tuwaambie nini? Baba Mdogo anasema mtu akishakula tanga la mwenzake hawezi kurudisha ugali.

Ila kuna sharti, na hili ndilo linalonipa shida kuliandika. Marehemu hawezi kuwa na safu kila Ijumaa. Wala kitabu. Wanaomba uache kuandika kwa jina lako, na kwa jina jingine pia, maana uandishi wako Goodluck anaujua kuliko sisi. Ameusoma kwa mshahara miaka yote hii. Baba Mdogo akasema, "Hatumwambii afe kabisa, tunamwambia anyamaze tu." Nikamwambia kwa Vitalis ni kitu kimoja. Akasema ndiyo maana tumemzika kwa heshima.

Nami niliunyosha mkono pamoja nao. Nina mtoto mmoja, Vitalis, na ana miaka ishirini na tisa, anachuma kahawa ya bibi yake. Usinichukie.

Dagaa walikuwa wakavu, wazuri sana. Umeuliza dagaa, mwenye dagaa hukumwuliza. Nimekuelewa.

Gaudiosa


Münster
8 Januari 2023

Dada Gaudiosa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Hapa Krismasi ilipita kimya, watu wanafunga milango na kula bata. Mafua yaliisha, yakaja mengine.

Jibu langu ni hapana.

Nimeandika neno hilo kwenye karatasi tatu na kuzichana, kwa sababu kila nilipoendelea kueleza nilianza kutukana, na wewe ni mkubwa wangu. Sasa naeleza polepole. Nilisema nafanya kazi na wazee. Nawaogesha. Nawavalisha soksi, nasukuma viti vyao vya magurudumu kwenda dirishani na kuvirudisha. Ni kazi ya halali na wengine ni watu wema. Kuna bibi mmoja ananiita Klaus, nimeshazoea kuitika. Lakini siku ya Ijumaa narudi chumbani, naweka maji ya chai, naandika jina langu juu ya ukurasa, na kwa saa chache mimi ni mtu wa Mapera aliyesomeshwa kwa kahawa ya Mama na anayejua kitu kuhusu gati. Hicho tu ndicho nilichovuka nacho ziwa. Mkikichukua, atakayebaki hapa ni Klaus.

Mwambie Baba Mdogo kwamba hasira zimenishika sana. Mwambie pia kwamba nimemsikia. Najua Benno hakuandika shairi lolote. Najua kila kitu mlicholipa kwa ajili yangu, nakijua zaidi Ijumaa nikimaliza kuandika.

Lakini hapana. Makala ya gati la pili, lile la upande wa kusini, iko tayari, na itatoka. Watu wanapakia wagonjwa kwenye mitumbwi huku kibao kinang'aa. Nisipoandika mimi ataandika nani, Cuthbert?

Mama alisema nini, Dada? Nimeuliza mara mbili. Kama ni mgonjwa niambie. Kama amenikasirikia niambie pia.

Na yule Siwema, kama ndilo jina lake, alikuwa amevaa nini?

Vitalis


Mapera
12 Machi 2023

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Tumo kwenye ngolo mpya. Benno anafyeka majani na kuyapanga, mimi na wasichana wa jirani tunachimba na kufukia. Anafanya hivyo Jumamosi tu, kwa sababu siku nyingine anafundisha. Ndiyo. Amepangiwa shule huko Ruanda, hesabu na sayansi. Siku ya kwanza aliondoka na viatu vya marehemu baba yake, nikabaki mlangoni nalia kama mjinga.

Makala yako imetoka. Nimejua kwa sababu Goodluck amekuja.

Alikuja na simu yake, akaniwekea mezani, akasema kwa upole, "Mwalimu, marehemu wenu anaandika." Vitalis, mimi nimefundisha Amri Kumi miaka ishirini na mitatu. Nilimwangalia machoni nikamwambia kwamba uliacha makala nyingi zimetunzwa, kama mtu anavyoacha mahindi darini, na marafiki zako huko wanazitoa moja moja kwa kumbukumbu. Akauliza mbona makala inataja mvua za Januari. Nikamwambia mvua za Januari zipo kila mwaka. Akafikiri. Akasema kweli zipo. Akanywa chai, akaenda. Nadhani ameniamini nusu, na nusu nyingine anaihitaji kwa sababu yeye ndiye aliyefunga jalada lako, na alipewa sifa.

Mara ya pili hataniamini. Akirudi, ataanzia shuleni kwa Benno. Sikuombi kwa niaba ya sengu sasa, nakuomba mimi Gaudiosa niliyekubeba mgongoni kwenda kuchanjwa. Nimechoka. Nimekulilia ukiwa hai, nakudanganyia ukiwa umekufa, na bado natakiwa nisahihishe madaftari.

Umeniuliza Mama alisema nini. Nimekuwa nikikwepa kwa sababu sina cha kukujibu. Cuthbert aliposoma, wote tulianguka, yeye akauliza kama katekista ameshakula. Matanga yote hakulia. Watu walisema ni uchungu uliopita kiasi. Mimi nilijua hivyo hivyo mpaka Jumatano iliyopita, nilipofungua sanduku lake kutafuta kitenge cha kumfunika. Chini kabisa kuna koti la kahawia. Limepigwa pasi.

Nikamwuliza, "Mama, sasa kule tumezika nini?" Akasema, "Maganda ya kahawa. Koti bado zima." Akaendelea na maharage yake.

Kwa hiyo alijua tangu mwanzo kwamba hukufa, na alituacha tulie. Nimemkasirikia siku nne. Sijamwuliza kwa nini, na yeye hajasema.

Siwema alikuwa amevaa kitenge cha bluu chenye samaki weupe.

Gaudiosa


Münster
30 Aprili 2023

Dada,

Shikamoo. Natumaini mko salama na maharage yameota vizuri.

Hongera kwa Benno. Mwambie asiwachape wale wa mwisho darasani, mimi nilikuwa mmoja wao.

Nimefanya mlivyotaka. Nimemwandikia mhariri kwamba naacha. Mchapishaji nimemwambia mashairi yamepotea. Alisikitika kidogo, ana waandishi wengine. Ijumaa iliyopita nilikwenda kutembea kandokando ya mfereji. Ijumaa hii nimechukua zamu ya mtu kule kazini. Mwezi huu umekwenda kwa utulivu na nalala vizuri.

Kwa hiyo msiwe na wasiwasi tena. Baba Mdogo aliona mbali. Mwambie Goodluck, akija, kwamba darini mahindi yamekwisha.

Kitenge hicho nilikinunua mimi.

Sina jingine la kuandika.

Mdogo wako


Mapera
9 Julai 2023

Mdogo wangu Vitalis,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini hujambo. Sisi hatujambo kwa kiasi fulani. Uchumaji umeanza na safari hii punje ni nene. Baba Mdogo goti limepona, lakini hanisalimii. Hilo utalielewa mbele.

Barua yako ya Aprili ilinipata mwezi wa sita. Niliisoma peke yangu, nikashukuru Mungu, kisha sikushukuru tena. Nilikaa nayo siku kadhaa, mwishowe nikampelekea Mama kahawani, nikamsomea yote amesimama kwenye mti wake, kikapu kiunoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumsomea barua yako yoyote. Alisikiliza huku anachuma. Nilipomaliza akauliza, "Anaandika nini siku hizi?"

Nikamwambia, "Haandiki, Mama. Si umesikia? Ameacha."

"Ameacha mpaka lini?"

"Ameacha kabisa. Tulimwomba aache, naye amekubali."

Akafungua kamba ya kikapu, akakiweka chini, akaketi juu ya majani. Akasema, "Basi sasa ndiyo amekufa." Akalia, Vitalis. Kilio kile ambacho mwaka jana watu walikisubiri na hakikuja, kilikuja pale, mchana, mimi peke yangu nikiwa nimemshika mabega. Alilia kwa sauti mpaka wachumaji wa jirani wakaja kuuliza nani amefariki.

Alipotulia ndipo akaniambia. Cuthbert aliposoma pale penye "popote alipo jikoni", alijua kwamba ni wewe unaongea, kwa sababu hakuna mtangazaji wa redio anayejua alipo. Alitaka kusema. Kisha akamwona Goodluck anaingia na mchele, amevua kofia, akawaza kwamba hawa watu wakipewa kifo watatosheka na kuondoka mlangoni kwake, naye atabaki na mtoto kimyakimya. "Niliona ni biashara nzuri," akasema. "Sikujua kwamba watamchukua pamoja na kifo chenyewe."

Sikuyafikiria maneno hayo zaidi. Nilidhani ni uchungu, na uchungu hupita.

Jumapili iliyopita ilikuwa Misa yako ya mwaka. Kanisa lilijaa, maana watu walijua kutakuwa na chakula. Goodluck alikuja na mke wake. Siwema alikuja toka Mbamba Bay kwa basi la alfajiri, amevaa kile kitenge, akakaa benchi la nyuma. Padre alipofika mahali pa kumwombea marehemu Vitalis, Mama akasimama. Nilidhani anazidiwa, nikamshika mkono, akautoa. Akatembea mpaka mbele na fimbo yake. Padre huyu ni mpya, hajazoea kusimamishwa na bibi, akampisha.

Mama akasema, "Padre, mwanangu hajafa. Hakufa mwaka jana wala mwaka huu. Tanga niliruhusu mimi kwa kuwa nilikuwa nimechoka na wageni. Mliolia, nisameheni. Mliokula, hakuna ubaya. Yuko Ujerumani, na anaandika. Mwombeeni kama mtu mzima."

Nikasikia kuku wa nje. Kisha kule nyuma Siwema akapiga kigelegele, peke yake, kirefu. Ni Mwanglikana, hajui mambo yetu. Cuthbert akadhani ndiyo ishara, akaanzisha wimbo wa Pasaka.

Baba Mdogo alitoka nje kabla ya baraka. Chakula kililiwa chote.

Jumatatu Goodluck akaja, na mwenzake safari hii, mgeni, mwenye karatasi. Hakunywa chai. Akamwambia Mama, "Mama, umetudanganya mwaka mzima." Mama akamjibu, "Ndiyo. Na wewe ulilala vizuri mwaka mzima. Kaa." Hakukaa. Nilimwona amekonda ghafla, jalada lile litamsumbua, nikamwonea huruma kidogo.

Jumatano mwalimu mkuu alimwita Benno na kumwambia apumzike nyumbani mpaka wamwite. Tulijua. Nilimsubiri hapa nikiwa nimejipangia maneno ya kumtetea bibi yake, na mengine ya kumlaani, maana nilikuwa nayo yote mawili. Benno alivua viatu, akaenda moja kwa moja kwa Mama, wakakaa muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Ameanza kuchuma tena. Hajasema neno baya, na hilo linaniuma kuliko angesema. Kama una la kumwambia, mwandikie yeye mwenyewe, si mimi.

Sasa sikia jambo lililonifanya nikae kuandika leo. Yule mgeni mwenye karatasi alimwuliza Mama, "Unasema anaandika. Anaandika nini?" Mimi nikaogopa, maana jibu la kweli, na Mama analijua, ni kwamba huandiki kitu, unatembea kando ya mfereji. Mama akamtazama, akasema, "Kitabu. Kinakaribia kwisha." Mgeni akauliza kinahusu nini. Mama akasema, "Vyote." Mgeni akaandika hivyo hivyo, akamgeuzia karatasi, na Mama akaweka dole gumba.

Mama ana miaka themanini na mmoja, Vitalis. Uongo mmoja ameshautubu mbele ya parokia nzima. Huu wa pili ameuwekea dole. Kaa uandike.

Dada yako,
Gaudiosa